Modeli inauliza roho ya muuguzi, haiulizi kazi yake

Memwari nyingi kuhusu sababu zinazofanya wafanyakazi wa hospitali watumie ao wasitumie mfumo wa habari wa kompyuta zinamfuata bwana mmoja: Fred Davis, Mmarekani, 1989. Modeli yake ni nyepesi. Mtu atatumia mashini akiona kwamba inamsaidia kazi, tena si nguvu kuitumia. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake, Davis akiwa ndani, walikusanya modeli nane wakatoa moja. Kazi safi, siikatai.

Mtu wa kilimo anatafuta nini humu? Kumbe mojawapo ya zile nane inatoka shambani. Everett Rogers, aliyeandika mwaka 1962 juu ya kuenea kwa mambo mapya, alikuwa mwanasosiolojia wa vijijini. Alijenga juu ya kazi ya Ryan na Gross ya 1943, waliouliza wakulima wa Iowa juu ya mbegu ya mahindi ya hibridi. Wale wakulima walisitasita miaka mingi, walijaribu kwa kipande kidogo kwanza. Lakini mavuno yaliingia kwa gala yao wenyewe. Hapo ndipo modeli inateleza ikifika hospitali.

Angalia njia ya habari hapa kwetu. Kwenye vituo vingi muuguzi anaandika mgonjwa kwa rejista, mwisho wa mwezi anahesabu mistari kwa kidole, anajaza fomu ya SNIS kwa karatasi. Fomu inapelekwa ofisi ya zoni ya afya, na huko ndiko inaingizwa ndani ya DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Zoni ni 519, namba zote zinapanda Kinshasa. Muuguzi anarudishiwa nini? Mara nyingi ni lawama tu: ripoti imechelewa. Na pale hospitali inaleta kompyuta bila kuondoa rejista, mgonjwa yuleyule anaandikwa mara mbili, foleni ikingoja.

Sasa mtafiti anafika na maswali ya moja mpaka tano. Mfumo unafaa? Muuguzi anaweka nne, na hasemi uongo: unafaa. Unamfaa nani, swali halikuuliza. Kisha memwari inamaliza kwa kupendekeza formasyo, sawa vile kawaida.

Sisi wa kilimo tunaijua hiyo. Tulisema mkulima anakataa mahindi bora, kumbe hibridi inataka inunuliwe upya kila msimu, na miti ya muhogo anaikata bure kwa shamba lake. Alikuwa amepiga hesabu yake.

Modeli ya 2003 iko na nafasi ya mazingira yanayosaidia kazi. Wengi wanaijaza kwa maswali mawili matatu juu ya umeme na intaneti, wanapita. Ningeanzia pale: nani anaandika, kwa dakika ngapi, nani analipa mafuta ya jenereta, na siku kompyuta ilifika, ni karatasi gani iliondolewa mezani.