Kumsoma Burton Ukiwa Uvira

Kumchunguza mwandishi ni kazi ya heshima, kwa sababu inadai uvumilivu na haki kwa pamoja. Anayeifanya haridhiki na kitabu kimoja. Hutafuta kilichokitangulia na kilichokifuata, akauliza mwandishi alikuwa wapi, alisikia kwa nani, na alikuwa na kinyongo na nani.

Sisi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika tumejaliwa mfano bora wa kazi hii: Richard Burton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1821, ambaye baadaye alisifika kwa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela. Tarehe 26 Aprili 1858, yeye na mwenzake John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, kusema kwenyewe kwa taabu. Walitafuta mto utokao ziwani kuelekea kaskazini, wakitumaini kwamba ndio mwanzo wa Nile. Wana watatu wa mtawala Maruta wakawaeleza kuwa mto huo, Ruzizi, wanaujua, nao unaingia ziwani, hautoki. Burton aliyaandika hayo katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1860, wala hakuficha jinsi yalivyomvunja moyo.

Msomaji wa haraka angeishia hapo. Mchunguzi huendelea mpaka mwaka 1864, akakuta kitabu kingine cha Burton, The Nile Basin, kinachotetea kwamba Ruzizi unatoa maji ya Tanganyika kwenda kaskazini. Mto ulikuwa ule ule. Mwandishi ndiye aliyebadilika. Mwezi Agosti 1858, Burton akiwa amebaki Kaze, Tabora ya leo, Speke alikwenda peke yake akaliona Ziwa Nyanza (Viktoria), akatangaza kuwa hilo ndilo chanzo cha Nile. Usuhuba wao ukafa. Septemba 1864, siku moja kabla ya wawili hao kukabiliana katika mdahalo mjini Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Ukiyajua hayo, kurasa za 1864 zinasomeka vingine: unauona ubishi wa watu wawili ukiusukuma mto urudi ulikotoka.

Novemba 1871, wasafiri Livingstone na Stanley walifika kwenye mlango wa Ruzizi, wakaona maji yakiingia. Maji ya ziwa hutoka kwa mto Lukuga, huko Kalemie.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii ni haki yake. Vitabu vya Burton vimejaa dharau kwa Waafrika, na hilo lisemwe wazi. Hata hivyo, ushahidi unaompinga tumeupata kwake mwenyewe, kwa kuwa mwaka 1860 aliandika alichoambiwa ingawa hakukipenda. Asiyelinganisha kitabu kwa kitabu angemtukuza bure au angemlaani bure.

Kwa hiyo namsihi kijana wa Uvira anayesoma fasihi asidhani kwamba waandishi kama Burton ni mali ya maktaba za London. Yeye anaweza kusoma sura ya kitabu asubuhi na kwenda kuutazama mto jioni. Amfuate mwandishi mpaka kwa watu waliomfundisha. Wana wa Maruta walisema kweli, mwandishi mashuhuri akaipokea, kisha akaiacha. Kuwarejeshea neno lao ni kazi ya msomaji makini.