Kipima Mvua cha Ukambani na Sifuri Inayoaminika

Kipima mvua cha Kericho kikiandika sifuri Aprili nzima, mtu atashtuka. Kitui na Makueni sifuri hupita bila kuulizwa, kwa kuwa kiangazi kimezoeleka. Huenda ni ukame kweli. Huenda pia ni buibui aliyetanda utando kwenye shingo ya faneli, vumbi jekundu likaganda juu yake.

Ndiyo maana ukaguzi huanza kwa macho. Faneli inasafishwa, pimamaji inawekwa juu ya mdomo wa chombo kuona kama umelala sawa, kisha miti ya jirani inapimwa. Kizuizi chochote kinatakiwa kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake juu ya mdomo huo. Mwembe wa mita 8 kando ya kipima chenye kimo cha mita 1 unahitaji nafasi ya mita 14.

Kisha maji. Tuchukue kipima cha kujiendesha chenye mdomo wa kipenyo cha milimita 203.2. Ndani yake vikopo viwili vimeungana mgongo kwa mgongo. Kimoja kikijaa kinainama, kinamwaga, na swichi inahesabu milimita 0.2. Kwa mdomo huo, mvua ya milimita 20 ni mililita 649 za maji, yaani miinamo 100. Mkaguzi anatundika chupa yenye tundu dogo, anayaacha maji yadondoke kwa saa nzima, huku akihesabu. Akipata 94, kipima kinapunja kwa asilimia 6, na skrubu zilizo chini ya vikopo zinainuliwa kidogo ili viiname mapema.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kosa linapojificha. Maji ya Ukambani huja kwa kishindo, hasa mvua za Oktoba hadi Desemba. Kikopo kinapoinama, maji yanayoendelea kuingia humwagika bila kuhesabiwa. Kadiri mvua inavyokazana, ndivyo hasara inavyokua. Mililita zile zile 649 hurudiwa kwa dakika 12, sawa na mvua ya milimita 100 kwa saa, na tofauti ya majibu mawili inaandikwa.

Siku na saa ya jaribio navyo vinaandikwa. La sivyo, maji ya jaribio yataonekana kwenye kumbukumbu kama mvua kubwa katikati ya Agosti.

Vituo vya hali ya hewa vya TAHMO, mradi wa Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon, huwekwa sana shuleni. Kihisi cha mvua cha vituo hivyo huhesabu matone, hakina vikopo, lakini kinyesi cha ndege hukiziba vile vile.

Kipima cha mkono, kinachosomwa saa tatu asubuhi, kina mtego wake. Cha inchi 5 hupokea mililita 12.7 kwa kila milimita ya mvua; cha inchi 8 hupokea 32.4. Silinda ya kupimia ya kikubwa ikitumiwa kwa kidogo, asilimia 61 ya mvua inapotea kwenye daftari.

Mwisho ni majirani. Mvua inaweza kulowesha Kibwezi na kuiacha Makindu kavu, hivyo siku moja haithibitishi kitu. Mkaguzi hujumlisha mvua ya miezi mingi, kituo kimoja dhidi ya vya jirani, na kuchora mstari. Ukipinda ghafla, anarudi kwenye daftari kutafuta kilichobadilika mwezi huo: faneli mpya, msomaji mpya, au mti ambao miaka kumi iliyopita ulikuwa mche.