Sauti za Anga la Mbali: Sifa za Fundi Asikilizaye

Filamu zinazosimulia safari za angani husifiwa zaidi kwa yale yanayoonekana, yaani vyombo vinavyopita kati ya nyota, viumbe wenye maumbo ya ajabu na sayari zenye majua mawili, na sifa hizo ni za haki. Lakini mpenzi wa filamu hizo anayerudi kuzitazama baada ya miaka mingi hubaini kwamba picha ndizo zilizotangulia kuzeeka, na kwamba kilichobaki na nguvu zake zote ni sauti. Insha hii inausifu ufundi wa sauti kwa kutumia mfano wa trilojia ya kwanza ya Star Wars, trilojia ikiwa ni kazi tatu zinazojitegemea lakini zinazosimulia kisa kimoja, na hoja yake ni kwamba ufundi huo ni wa kusikiliza kabla ya kuwa wa kutengeneza, na kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki, waliokulia kwenye redio na kwenye vibanda vya video, wana haki ya kuuhesabu kuwa ufundi wanaoujua.

Filamu ya kwanza, iliyoandikwa na kuongozwa na George Lucas, ilitoka mwaka 1977. Ya pili, The Empire Strikes Back, iliongozwa na Irvin Kershner na kutoka mwaka 1980. Na ya tatu, Return of the Jedi, iliongozwa na Richard Marquand na kutoka mwaka 1983. Kisa cha filamu hizo tatu ni cha Luke Skywalker, kijana aliyelelewa shambani katika sayari ya jangwa, ambayo sehemu ya picha zake zilipigwa Tunisia, na ambaye anajiunga na waasi wanaopambana na dola ya kidhalimu, asijue kwamba mtumishi mkuu wa dola hiyo, Darth Vader, ndiye baba yake mzazi. Mwaka 1997 Lucas alizirudisha filamu zote tatu katika majumba ya sinema zikiwa na picha zilizoongezwa na kurekebishwa kwa kompyuta, ishara kwamba hata muumbaji wake aliona picha za zamani hazimtoshi. Ila mngurumo wa panga za mwanga, pumzi za Vader na miluzi ya roboti mdogo R2-D2 vilibaki vilevile, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba vingeweza kupatikana vilivyo bora zaidi.

Kwa mkazi wa Bunju, kata iliyo ukingoni mwa Kinondoni katika Barabara ya Bagamoyo, ukishapita Tegeta na Boko, ukuu huo wa sauti si jambo la kushangaza, kwa sababu katika vitongoji vya aina hiyo filamu za kigeni zilitazamwa na wengi si katika majumba makubwa ya katikati ya jiji bali katika kibanda umiza, yaani chumba au banda lenye mabenchi, televisheni moja na mashine ya kuchezea kanda, ambamo watu hulipa fedha kidogo na kubanana. Katika mazingira hayo picha ilikuwa ndogo, na kanda iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala nyingine ilikuwa imefifia rangi, wakati sauti ilitoka katika spika kubwa zilizosikika hadi nje, kiasi kwamba hata mtoto asiye na kiingilio aliweza kukifuata kisa kwa masikio akiwa amesimama ukutani. Hali hiyo, ambayo mtu mwenye skrini kubwa angeiita upungufu, ilimfundisha mtazamaji kutambua kazi ambayo sauti inaifanya hata pale jicho linapokosa msaada.

Aliyezitengeneza sauti za trilojia hiyo ni Ben Burtt, aliyeajiriwa na Lucas akiwa ametoka kusoma filamu katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na ambaye kazi yake leo huitwa usanifu wa sauti, yaani kubuni, kukusanya na kupanga sauti zote za filamu ambazo si muziki. Filamu nyingi za anga zilizotangulia zilitumia milio ya mitambo ya kielektroniki ili kuonyesha mambo ya kesho, lakini Lucas alitaka dunia iliyochakaa, yenye vyombo vilivyokwaruzika na injini zinazogoma kuwaka, na dunia ya namna hiyo ilihitaji sauti za vitu vilivyotumika. Kwa hiyo Burtt alibeba kinasa sauti na kwenda kurekodi wanyama, mashine, magari na ndege, akitafuta katika kila kimoja tabia iliyojificha ndani ya mlio wake.

Mifano ya kazi hiyo inajulikana na inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ufundi wenyewe. Mlio wa bunduki za miali ulipatikana kwa kugonga kwa nyundo waya mnene uliokazwa kushikilia mnara wa mawasiliano. Mngurumo wa upanga wa mwanga ulitokana na mota ya projekta ya zamani, ukachanganywa na mvumo wa televisheni ulionaswa kwa kipaza sauti. Kisha mchanganyiko huo ulipigwa kwenye spika huku kipaza sauti kingine kikipungwa mbele yake, ili mlio upande na kushuka kama kitu kinachopita hewani kwa kasi. Kishindo cha ndege ndogo za kivita za dola kilifanywa kwa kuunganisha mlio wa tembo na sauti ya gari linalopita kwenye lami yenye maji. Chewbacca, jitu lenye manyoya ambalo halitamki neno, alipewa sauti za dubu zilizochanganywa na za wanyama wengine, zikakatwakatwa na kupangwa hadi zikawa na huzuni, hasira na mzaha. Kwa kazi hiyo Burtt alipewa tuzo maalumu ya Oscar mwaka 1978.

Msomi wa fizikia anaweza kupinga kwamba jambo hili zima ni uongo, maana sauti ni mtetemo unaosafiri katika hewa, maji au kitu kigumu, na kwa kuwa angani kati ya sayari hakuna hewa, tembo na lami vyote vingepaswa kunyamaza. Na kweli Stanley Kubrick, katika filamu yake ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, aliuheshimu ukimya huo na kuufanya utishe. Lakini Lucas hakuwa akifundisha elimu ya anga bali alikuwa akisimulia hekaya, na sharti la hekaya ni kwamba msikilizaji auhisi uzito wa kinachotajwa. Chombo kilichotengenezwa kwa plastiki na kupigwa picha mezani hupata uzito wake kwa mngurumo tu, na tembo aliyefichwa ndani ya mngurumo huo humpa mtazamaji hofu ya kale asiyoweza kueleza imetoka wapi.

Ustadi huo unaonekana kwa ukamilifu katika pumzi za Darth Vader, zilizorekodiwa kutoka kwenye kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Mwili wa Vader ni wa David Prowse na maneno yake yanatamkwa na James Earl Jones, mwigizaji yuleyule aliyekuja kumsemea Mufasa katika The Lion King ya mwaka 1994, lakini pumzi ndizo zinazomtangaza kabla hajaonekana na ndizo zinazobeba siri yake katika filamu zote tatu. Katika filamu ya kwanza zinasikika kama za mashine, na mtazamaji anaogopa. Katika ya pili, kwenye pambano la baba na mwana, zipo nyakati ambapo muziki wa John Williams unanyamaza na kuziachia nafasi pumzi na mngurumo wa panga, na mtazamaji anaanza kujiuliza ni mtu gani aliyefungiwa humo. Katika ya tatu zinakatikakatika, kinyago kinavuliwa, na kinachobaki ni sauti dhaifu ya mzee anayekufa. Anayezifuata filamu hizi kwa sikio anaweza kuisoma habari nzima ya kuanguka na kukombolewa kwa Vader katika pumzi hizo peke yake, na hilo ni jambo ambalo mara nyingi husikika kwa yule tu anayerudia kutazama, kwa kuwa mara ya kwanza macho huwa yametekwa.

Sifa za ufundi huu, hata hivyo, haziwezi kukamilika bila kutaja mahali unapoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kwa lugha za viumbe wa kigeni, Burtt aliona kwamba maneno ya kubuni huwa hayana mwendo wa kweli wa usemi, kwa hiyo aliziendea lugha za wanadamu zisizojulikana sana na watazamaji wa Marekani: Kizulu kilikuwa msingi wa usemi wa viumbe wadogo wa jangwani waitwao Jawa, na Kiquechua cha milima ya Andes kikawa msingi wa lugha ya Jabba, bosi wa wahalifu, na wenzake. Katika filamu ya tatu, rubani msaidizi Nien Nunb alisemewa na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, ambaye alizungumza Kikuyu, tena sentensi zilizokamilika zinazoeleweka, na watazamaji wa Kenya walicheka walipomsikia kiumbe wa sayari nyingine akiongea kama jirani wa Nyeri. Rotich aliitwa tena kuitoa sauti hiyo katika filamu ya The Force Awakens ya mwaka 2015.

Jambo hilo lina pande mbili ambazo mpenzi mwaminifu wa filamu hana budi kuzipima pamoja. Upande mmoja, sikio la fundi lilikuwa sahihi, kwa sababu Nien Nunb anaaminika kuliko viumbe wengi wa filamu nyingine, na anaaminika kwa kuwa mwenye sauti alikuwa akisema jambo lenye maana. Upande wa pili, uchaguzi huo ulisimama juu ya dhana kwamba ukumbini hapatakuwa na anayeelewa, yaani kwamba lugha ya mamilioni ya watu inaweza kusimama mahali pa lugha isiyo na wenyewe. Dhana hiyo ilikanushwa na kicheko cha watazamaji wa Kenya, na kosa lake halimo katika kusikiliza bali katika kukadiria ni nani mwingine anayesikiliza.

Vibanda vya Dar es Salaam vilikuwa na jibu lao kwa hali hiyo, nalo ni ufundi wa kutafsiri filamu. Mtafsiri wa namna hiyo haandiki maneno chini ya picha, bali huishusha sauti ya filamu na kuisimulia upya kwa Kiswahili, akiwa yeye peke yake shujaa, adui, bibi harusi na mtangazaji, huku akifafanua desturi za kigeni na kuchomekea mizaha ya uswahilini. Derek Mukandala, anayejulikana kwa jina la Lufufu, ndiye aliyeujengea ufundi huo jina Tanzania, na kanda zake ziliuzwa na kukodishwa kwa sifa ya sauti yake. Nchini Kenya jina la DJ Afro limepata umaarufu kama huo, na nchini Uganda wasimulizi wa aina hiyo, waitwao ma-VJ, ni mastaa kamili. Wapo wanaolalamika kwamba msimulizi huifunika kazi ya msanifu wa sauti, na lalamiko hilo lina ukweli, lakini linasahau kwamba kwake hakuna mhusika anayeachwa kuwa kelele tu, kwa sababu kila kinywa kinachofunguka kwenye skrini hupewa Kiswahili na hupewa nia.

Ajabu ni kwamba trilojia yenyewe imemweka msimulizi huyo ndani yake. C-3PO, roboti wa dhahabu anayejigamba kuwa anajua zaidi ya namna milioni 6 za mawasiliano, ameumbwa kuwa mkalimani, na kwa sehemu kubwa ya filamu hizo huchukuliwa kuwa msumbufu. Katika Return of the Jedi anaketi usiku mbele ya Waewok, watu wadogo wa msituni, na kuwasimulia kwa lugha yao vita vyote vilivyopita, akiiga kwa mdomo pumzi za Vader, milio ya panga na vishindo vya mitambo. Watoto wanashikwa na hofu, wazee wanatikisa vichwa, na hadithi inapokwisha wageni wanapokewa kuwa watu wa kabila. Waewok hao ndio wanaosaidia kuwashinda askari wa dola katika msitu wa Endor, kwa hiyo ushindi wa waasi unategemea, pamoja na silaha, usimulizi uliofanyika kwa lugha ya wenyeji na milio iliyoigwa kwa kinywa. Mtu aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza hahitaji maelezo zaidi ili auelewe ukumbi huo.

Ushahidi mwingine wa hoja hii ulitolewa na redio. Mwaka 1981 shirika la redio la umma la Marekani lilitangaza Star Wars kama mchezo wa redio wa sehemu 13, likitumia muziki wa Williams na sauti za Burtt bila picha yoyote, na kisa kikasimama. Nchini Tanzania, ambako michezo ya redio kama Pwagu na Pwaguzi, na baadaye Twende na Wakati iliyoanza mwaka 1993, ilikusanya watu kuizunguka redio moja, jambo hilo lingeonekana la kawaida kabisa, kwa sababu msikilizaji alikwisha kuzoea kujenga nyumba, shamba na hospitali kwa sauti ya mlango na hatua za miguu.

Kwa hiyo mtengenezaji wa filamu wa leo anayeishi Bunju, akiwa na kamera ya bei nafuu na bila fedha za kujenga sayari, asianze kwa kulilia picha. Malori yanayotoka kwenye kiwanda cha saruji cha Wazo, waya za minara ya simu, mashine za kusaga na mashine za kufyatulia matofali ni malighafi ya aina ileile aliyoitumia Burtt, na kinasa sauti hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kamera. Filamu nyingi za nyumbani zimelaumiwa kwa sauti hafifu, inayofunikwa na upepo au na muziki usionyamaza, na tiba ya udhaifu huo ni kumpa mtu mmoja katika kikosi kazi ya kusikiliza tu, kumlipa kwa kazi hiyo, na kuliandika jina lake kwenye orodha ya waliotengeneza filamu pamoja na jina la mwigizaji mkuu.