Ngozi Isiyo na Kidonda

Ukitoka Machakos kwa matatu ya Kitui, unapita Masii kabla ya kufika Wamunyu, na Wamunyu ndiyo yenye sifa. Huko ndiko kwao Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi na ufundi wa kuchonga. Waliomfuata wamepeleka twiga na vifaru vya mti hadi Ulaya na Marekani. Mimi hushukia Masii. Fundi ninayetaka kumsifu hajachonga chochote. Kazi yake ni mgongo wa mama yake, na mgongo wa mama hauonyeshwi wageni.

Mama huyo ni dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo fundi ni ndugu yangu, hata kama Wazungu wangetuita binamu. Alikuwa makanga. Kiharusi kilipompiga mama upande wa kulia, dada zake walikuwa na waume na ajira, naye ndiye aliyeonekana ana nafasi. Familia hupanga mambo haya bila kikao. Akaacha njia, akarudi nyumbani, na sasa ni mwaka wa tatu.

Kila baada ya saa mbili humgeuza. Saa nne usiku ubavu wa kushoto, saa sita chali, saa nane ubavu wa kulia, ila huo hauachwi kwa muda mrefu kwa kuwa ndio uliopooza, na ukiumia haupigi kelele. Mto mmoja hukaa katikati ya magoti, mwingine chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, kisiguse godoro. Akimvisha, mkono uliopooza ndio wa kwanza kuingia kwenye nguo. Akimvua, ndio wa mwisho kutoka. Hamwinui kwa kumvuta kwapani, maana bega lisilo na nguvu huchomoka kirahisi. Na maji, kitu ambacho sote twadhani ni chepesi kuliko vyote kumeza, hayaaminiki hata kidogo: yanaponyoka kooni yakaelekea mapafuni. Uji wa wimbi uliokolea, ule unaosita kidogo kwenye ncha ya kijiko kabla ya kudondoka, hushuka pole pole. Mama huketishwa wima, kidevu chini, kijiko kimoja, kisha kungoja. Akimaliza haruhusiwi kulala hadi nusu saa ipite. Mikono iliyokuwa ikirusha magunia juu ya matatu imejifunza kungoja mtu ameze.

Kuna sehemu ya kazi isiyo ya mwana. Hiyo huifanya mama jirani, kila asubuhi, na ndugu yangu hutoka kwenda kuteka maji hata kama mapipa yamejaa.

Kiswahili kiliiona kazi hii zamani. Lala huzaa laza, ugua huzaa uguza. Anayekulaza anakuwezesha kulala; anayekuuguza, basi, anakuwezesha kuugua. Kuponya ni neno jingine na lina watu wake. Sijui kama waliolitia neno uguza kinywani walilifikiria hivyo, lakini nikimtazama ndugu yangu naona walisema sawasawa: mama anaugua vizuri. Anaugua akiwa msafi, ameshiba, nywele zimesukwa, redio ya Kikamba karibu na sikio.

Florence Nightingale, tunayemkumbuka kwa hospitali za vitani, alipochapisha kitabu chake cha uuguzaji mwaka 1859 aliwalenga hasa wanawake waliokuwa wakiuguza watu wao majumbani. Humo alishikilia kwamba kidonda cha kulalia, aghalabu, ni kosa la uuguzaji wala si la ugonjwa. Ni hukumu kali, na imewaonea wengi wasio na godoro la maana wala mtu wa kuwapokea zamu. Lakini ukiigeuza, inasema pia kwamba ngozi nzima ni kazi ya mkono wa mtu. Sura nyingine akaitenga kwa ajili ya wageni wanaomwagia mgonjwa matumaini matupu na mashauri. Utadhani alipata kuiona Desemba ya Masii.

Desemba mvua za vuli zimekwisha kuotesha kunde, maembe yameiva, na nauli kutoka Nairobi imepanda. Wageni wanashuka na mikate, sukari na soda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Lakini katika nyumba hii mgeni akija mwenyeji huwasha jiko. Watamsalimu mama kwa sauti kubwa, kana kwamba kiharusi kiliziba masikio. Watapiga picha ya kundi la WhatsApp la ukoo. Mmoja atataja mizizi, mwingine mhubiri, wa tatu daktari aliyeko India. Kisha mtu mwema kabisa atafungua soda na kumpelekea mama glasi mdomoni, na ndugu yangu ataipokea kwa mikono miwili: "Asante sana, mjomba. Ametoka kula sasa hivi, nitampa baadaye." Hajala. Uongo huo nao ni sehemu ya ufundi: umelinda koo la mama na uso wa mjomba kwa pamoja.

Anayemuuliza ndugu yangu yeye analalaje ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale laki moja waliozinduliwa na mikoba yao ya vifaa mwaka 2023. Akishampima mama presha, humfunga mwana ile mashine bila kuombwa.

Krismasi iliyopita dada yake wa Kitengela alifika siku tatu kabla ya wenzake, hana soda. Alisema amekuja kufundishwa. Usiku wa kwanza alimvuta mama kwa mkono mbovu, akaambiwa "si hivyo" kwa ukali ambao makanga hausahau. Usiku wa pili alijua mto wa kisigino. Wa tatu ndugu yangu alimwachia zamu, lakini akasimama mlangoni gizani, akisikiliza.

Siku yenyewe, wengine wakiwa kanisani na wengine wakichuna mbuzi, ndugu yangu alijilaza kwenye mkeka chini ya mwembe, akapotea. Watoto waliruka miguu yake. Hakuna aliyemwamsha, hata chakula kilipopakuliwa.

Saa nane simu ikalia mfukoni. Alifika mlangoni kabla hajafumbua macho sawasawa. Mama alikuwa ameshalazwa ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, kisigino kinaelea. Dada yake alikuwa kwenye kigoda, anamenya embe. Ndugu yangu akabaki pale mlangoni, simu bado inalia.