Harufu Ikishajaa Jikoni, Kikombe Kimebaki na Nini?

Katika soko la Karatina, ubora wa magome ya muthiga hupimwa kwa ulimi. Kipande kizuri huwasha kama pilipili. Kipimo hicho kina msingi: mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walieleza kuhusu warbaganali, kemikali waliyoipata katika magome ya miti ya jamii hiyo, inayowafanya viwavijeshi waache kula. Hata hivyo, ukali wa muthiga hautuambii lolote kuhusu mafuta ya harufu. Molekuli zinazowasha ni nzito, hazikimbilii mvuke upesi.

Leleshwa ni habari nyingine. Kichaka hicho cha nyanda kavu za Laikipia, kando ya Nanyuki, kina majani yenye mafuta mepesi kama sineoli na fenkoli. Sineoli ikiwa peke yake huchemka kwa nyuzi 176 za Selsiasi, ilhali mjini Nyeri, kwenye mwinuko wa mita 1,750 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Mtu anayeyachemsha majani hayo kuwa dawa angedhani mafuta hayo yako salama sufuriani. Hayako salama hata kidogo. Mafuta na maji visipochanganyika, kila kimoja hutoa mvuke wake, na nguvu za mivuke yote miwili zikijumlishwa mafuta hutoka pamoja na maji, chini kabisa ya joto lake lenyewe la kuchemka.

Kifaa cha kuyapima kilielezwa na Mmarekani J. F. Clevenger mwaka 1928, na bado kinatumika. Majani huchemshwa ndani ya chupa, mvuke ukapozwa ukawa matone, mafuta yakaelea katika kijibomba chenye alama za mililita, maji yakarudi chupani. Mafuta yakiacha kuongezeka, kiasi chake kinasomwa.

Kosa la kawaida ni kupima jani kisha kukisifia kikombe. Tathmini ya haki huchukua majani ya fungu moja na kuyagawa: sehemu moja huenda moja kwa moja kwenye kifaa cha Clevenger, nyingine huchemshwa kama mgonjwa anavyoagizwa, inachujwa, halafu mchuzi wake nao unapimwa. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo hasara ya jikoni. Waganga wa Kichina wana utaratibu wa kuipunguza, uitwao houxia: dawa zenye harufu, mnanaa ukiwemo, hutiwa sufuriani dakika za mwisho.

Mililita pekee hazitoshi, kwa kuwa hasara hailingani. Kromatografia ya gesi hutenganisha mafuta kiungo kwa kiungo. Hidrokaboni kama pineni, ambazo maji hayazipokei, hutoroka mapema. Fenkoli na alfa-terpineoli, ambazo ni alkoholi, huyeyuka kidogo majini na kukawia. Kwa hiyo mchuzi wa leleshwa uliochemka muda mrefu bila kifuniko una uwiano wake wa kemikali, na majaribio yaliyofanywa kwa mafuta halisi ya jani hayawezi kuutolea ushahidi.