Ustadi wa Lenzi Ndogo

Darubini ya lenzi, yaani ile inayokusanya nuru kwa kuipinda ndani ya kioo badala ya kuiakisi, ilizaliwa na kasoro iliyowasumbua mafundi kwa zaidi ya karne moja. Nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi hupindwa kwa kiasi chake, hivyo miale ya buluu hukutana karibu zaidi na lenzi kuliko miale myekundu, na nyota iliyostahili kuwa nukta safi huzungukwa na ukungu wa zambarau. Isaac Newton aliamini kwamba kasoro hiyo haina dawa, na mwaka 1668 akaunda darubini ya kuakisi ili kuikwepa. Dawa ilipatikana katika karne iliyofuata, Chester Moor Hall wa Uingereza alipounganisha lenzi mbili za vioo vya aina tofauti, moja ikikusanya miale na nyingine ikiitawanya, hata kosa la moja likafutwa na la mwenzake. John Dollond alipewa hataza ya lenzi za namna hiyo mwaka 1758.

Jozi hiyo, inayokutanisha rangi mbili mahali pamoja, huitwa akromati, na ile iliyoboreshwa zaidi ili ikutanishe rangi tatu huitwa apokromati. Tofauti hii ndiyo msingi wa uchaguzi wote. Anayekusudia kutazama kwa jicho mashimo ya Mwezi, pete za Zohali na miezi minne mikubwa ya Mshtarii hutoshelezwa na akromati ndefu, ambayo miale yake hupindwa taratibu. Lakini kamera hunasa hata ule ukungu wa zambarau ambao jicho huusamehe, na kwa hiyo mpiga picha hana budi kugharimia apokromati.

Udogo wa lenzi nao usidharauliwe. Lenzi yenye kipenyo cha milimita 80 hukusanya nuru takriban mara 130 ya ile inayokusanywa na mboni ya jicho iliyofunguka milimita 7 gizani. Ikiwa umbali kutoka lenzi hadi mahali miale inapokutana ni milimita 480, kamera yenye kihisio cha milimita 36 kwa 24 huona upana wa zaidi ya nyuzi 4 za anga, eneo linaloweza kubeba Kilimia kizima, au galaksi ya Andromeda pamoja na mikono yake hafifu, vitu ambavyo darubini kubwa yenye umbali mrefu huvionyesha vipande vipande.

Hata hivyo, lenzi bora juu ya kitako dhaifu ni mali iliyopotea. Kwa kuwa Dunia huzunguka, nyota husogea nyuzi 15 kwa saa, na picha ya dakika kadhaa hudai kitako chenye mota kinachozungusha darubini kwa kasi hiyohiyo, mhimili wake ukiwa umeelekezwa kwenye ncha ya anga. Mtu wa Dar es Salaam huiona ncha ya kusini ikiwa nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo wa macho, na wa Nairobi nyuzi 1 na kidogo; kwa hiyo, kabla ya kununua, yampasa kuhakikisha kwamba kitako chaweza kulazwa kiasi hicho, kwani vingi vimeundwa kwa ajili ya nchi zilizo mbali na ikweta.

Uso wa lenzi njema husuguliwa kwa usahihi unaopimwa kwa visehemu vya wimbi la nuru, nalo wimbi hilo ni takriban nusu ya elfu moja ya milimita. Kipenyo huandikwa kwenye boksi na kila mtu hukisoma, ilhali usahihi huo hudhihirika pale tu nyota inapogeuka nukta isiyo na rangi ya ziada. Mnunuzi anayekubali lenzi ndogo iliyosuguliwa vyema badala ya kubwa iliyolipuliwa huwa ameulipa ustadi thamani yake, na anga humlipa kila usiku ulio wazi.