Mkono wa mama katika sanamu za Guaman Poma

Kati ya vitabu vinavyomfaa mtu atakayekuwa padri wa vijiji, tunataka kutaja kimoja kisichosomwa sana kwetu. Ni barua ndefu ya Felipe Guaman Poma de Ayala, mwenyeji wa milima ya Peru, aliyomwandikia Filipo III, mfalme wa Hispania, karibu na mwaka 1615. Ina kurasa karibu 1200 na sanamu 398. Ilisahauliwa hata ikaonekana tena Copenhagen mwaka 1908, kiisha ikapigwa chapa Paris mwaka 1936.

Wengi huisoma kwa ajili ya mashtaka yake juu ya maparoko waliowasokotesha wanawake nyuzi bila mshahara. Ni mashtaka machungu, inafaa kila seminari iyasikie. Lakini sisi tumekaa zaidi mbele ya sanamu za mwisho, zile za kazi ya mashamba, mwezi kwa mwezi.

Tazama Septemba, mwezi wa kupanda mahindi. Mume ameshika jembe la mguu, chakitaqlla: mti mrefu wenye ncha, na mahali pa kukanyagia. Anafungua udongo, mwanamke anatia mbegu. Desemba, wakati wa viazi, ni vilevile. Agosti wanaume wamesimama mstari mmoja, na wanawake wamepiga magoti mbele yao, uso kwa uso, wakigeuza mabonge ya udongo. Msomaji wa haraka atasema: mume analima, muke anamsaidia. Tunakataa. Mbegu ikiwa mbaya, mume amechimba bure. Hata leo, katika vijiji vingi vya Wakechua upande wa Cusco, mwanamke ndiye anayetia mbegu, kwani ardhi ni Pachamama, ni mama, nao huona inafaa aipokee kwa mkono wa mwanamke. Mume na muke waliooana huitwa kwa neno moja, qhari-warmi, mume-muke. Nusu moja haitoshi kushika shamba.

Hapa ndipo tunapomlaumu Guaman Poma: amechora mkono unaotia mbegu, lakini si macho yaliyoichagua. Katika sanamu yake ya ghala za Inka twaona wanaume wawili tu, mfalme na mtunzaji mwenye kamba za mafundo za kuhesabia. Nyumbani mambo ni mengine. Mwanamke ndiye anayetenga viazi vya kula, vya kuuza, vya kupanda, na vya chuño, yaani vile vinavyoachwa nje usiku wa baridi kali, vikakanyagwa kwa miguu na kukaushwa juani. Katika Andes aina za viazi zapita 3000 (na sisi twaviita vya kizungu!), naye anazijua zake kwa majina. Moja huitwa qhachun waqachi, kinachomliza mkamwana: kina vinundu vingi, kukimenya ni taabu, na bibi arusi hupimwa nacho.

Tena kuna ukali usiotupendeza. Mwanamke akiwa shambani, mwandishi anamheshimu. Akiondoka kijijini kwenda mjini, anamwita malaya. Anataka arudishwe, ingawa yeye mwenyewe ameeleza katika kurasa nyingine ni nani waliomfukuza: kodi, migodi, na hao maparoko.

Wala tusidhani kosa la kutomwona mwenye kujua mbegu lilikwisha pamoja na yeye. Mwaka 1969 serikali ya Peru iliwanyang'anya mabwana mashamba makubwa ikawapa wakulima. Ilikuwa kazi ya haki. Lakini walioandikwa katika vyama ni wakuu wa jamaa, na mkuu wa jamaa karibu kila mahali alihesabiwa kuwa mume. Wajane wachache waliandikwa. Wake wengi walibaki nje. Hivi shauri la kupanda nini, na wapi, lilikatwa katika mikutano ambamo mwenye kuchagua mbegu hakuwa na kiti.